Gari la mkononi la kwenda kazini kila siku: kuanzia hesabu ya mafuta hadi kadi

Anayeishi Kibaha na kufanya kazi katikati ya Dar es Salaam hutembea kilomita kama 40 asubuhi na 40 nyingine jioni. Kwa siku 22 za kazi hiyo ni kilomita 1,760 kwa mwezi, zaidi ya 21,000 kwa mwaka, kabla hujaenda sokoni wala msibani. Mwendo huo unalitafuna gari. Kwa hiyo bei iliyobandikwa kwenye kioo isikushughulishe sana mwanzoni. Jiulize kwanza gari hilo litakula kiasi gani kwa mwezi, kwa sababu mengi yanayouzwa bei ya kutupa yanauzwa hivyo baada ya mwenyewe kuchoka kulijazia mafuta na kulilaza gereji.

Anza na kalamu

Piga hesabu ya kilomita zako za mwezi, kisha ugawanye kwa kilomita ambazo gari linakwenda kwa lita moja. Gari la cc 1,300 hadi 1,500 lenye afya, likipita barabara ya wazi na foleni kidogo, hutoa kilomita 12 hadi 15 kwa lita. La cc 2,000 au 2,500 kwenye safari hiyohiyo linaweza kushuka hadi 9. Kwa kilomita 1,760, gari linalotoa 14 litakunywa lita 126, na linalotoa 9 litakunywa lita 196. Tofauti ni lita 70 kila mwezi. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei kikomo upya kila mwezi, basi kwa hesabu tu tuchukue shilingi 3,000 kwa lita: hiyo ni 210,000 kwa mwezi, na 2,520,000 kwa mwaka. Gari kubwa ulilolipata kwa "dili" la milioni tatu chini ya bei ya soko limeshazirudisha zote kabla ya mwaka na nusu.

Halafu weka sevisi. Ukimwaga oili kila kilomita 5,000, kwa mwendo huu utaingia gereji kila baada ya miezi miwili na wiki kadhaa, yaani mara nne kwa mwaka. Tairi, breki pedi na bushi nazo zitakwisha haraka kuliko za jirani anayeendesha Jumapili kwenda kanisani.

Sasa gawa pesa yako. Ukiwa na milioni 10, tafuta gari la milioni 8 na nusu. Hiyo milioni moja na nusu inayobaki usiihesabu kuwa akiba. Ni sehemu ya bei ya gari, na chini tutaona inakokwenda. Anayemaliza pesa yote kwa muuzaji huanza kuendesha na oili asiyoijua umri, tairi ngumu na betri ya kubahatisha.

Chagua injini kabla ya kuchagua bodi

Watu huchagua gari kwa sura. Kwa safari ndefu ya kila siku, chagua injini na giaboksi, kisha angalia zimewekwa kwenye bodi gani.

Injini ya Toyota 1NZ-FE, cc 1,500, ndiyo tunayoiweka mbele kwa mtu wa kipato cha kawaida. Ina silinda nne na taiming cheni badala ya mkanda, fundi yeyote wa mtaani ameshaifungua, na vipuri vyake vimejaa Kariakoo. Utaikuta kwenye Probox na Succeed, kwenye IST ya cc 1,500, kwenye Raum, Spacio, Runx na Allex, na kwenye Premio na Allion za cc 1,500. Ndugu yake 2NZ-FE ya cc 1,300 imo kwenye IST nyingi. Kwa watu wawili ndani ya gari inatosha, kwa watano na kiyoyozi mlimani utaisikia ikilalamika.

Namba ya modeli inakuambia ukweli kuliko mdomo wa dalali. Fungua boneti utafute bamba dogo la chuma kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. IST ikiandikwa NCP60 ni cc 1,300. NCP61 ni 1,500. NCP65 ni 1,500 inayovuta kwa magurudumu manne. Hiyo ya mwisho iache kama njia yako ni lami: ina uzito zaidi, ina difu ya nyuma ya kutunza, na mafuta inakula zaidi. Kwenye Premio na Allion za kizazi cha 2001 hadi 2007, NZT240 ni 1,500, ZZT240 ni 1,800 yenye injini ya 1ZZ-FE, na AZT240 ni 2,000 yenye 1AZ-FSE, ile ambayo mtaani inaitwa D4. 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zina sifa ya kula oili. D4 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Inahitaji mafuta safi na fundi anayeijua, na masizi hujaa kwenye njia ya hewa. Ikiharibika, bei nafuu uliyonunulia haitakusaidia. Bodi ya Premio ni ileile, lakini hayo ni magari matatu tofauti.

Vitz na Passo za cc 1,000, injini ya 1KR-FE yenye silinda tatu, ni bingwa wa foleni. Kama kilomita zako nyingi ni za kusogea na kusimama kati ya Mbezi na Ubungo, zitakufaa. Kama unatoka Chalinze na unashika kilomita 90 kwa saa muda wote, injini ndogo inafanya kazi karibu na kikomo chake, na kulipita lori kunahitaji nafasi kubwa kuliko unavyodhani.

Giaboksi nayo ina neno. Otomatiki ya gia nne iliyo kwenye IST na Probox za zamani ni ya kawaida na inavumilia. CVT, yaani otomatiki isiyo na ngazi za gia, ambayo imo kwenye Honda Fit nyingi, Vitz za kizazi cha pili za cc 1,000, Premio na Allion za kuanzia 2007 na Probox za kuanzia 2014, inabana mafuta vizuri lakini inataka oili yake maalumu ya CVT. Zimekufa nyingi kwa sababu fundi alimwagia haidroliki ya kawaida (oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki) akasema zote ni sawa. Si sawa. Ukinunua yenye CVT, swali lako la kwanza kwa muuzaji ni oili gani iliwekwa mara ya mwisho, na jibu la "ile nyekundu tu" ni jibu la kukufanya urudi nyumbani.

Hybrid kama Aqua zinavutia kwenye foleni kwa kuwa motori ya umeme inasogeza gari injini ikiwa imezimwa. Usinunue bila betri kubwa kupimwa kwa mashine inayosoma kila kundi la seli.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti na bomba la juu la rejeta. Likiwa vuguvugu, kuna aliyeliwasha, na kuna kitu hakutaka ukione wakati wa kuwaka. Rudi siku nyingine.

Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha oili na ukigeuze upande wa ndani. Unatafuta rangi ya kahawia au nyeusi, nyembamba. Ukikuta utando mzito kama tui la nazi lililochanganyika na masizi, maji yanaingia kwenye oili, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekwenda. Kwenye gari linalotembea safari fupi tu utando mwembamba unaweza kuwa mvuke. Usihukumu kwa hilo peke yake, chomoa dipstiki uone kama oili yenyewe imegeuka rangi ya maziwa. Fungua na kifuniko cha rejeta (baridi tu, kikiwa cha moto kitakuunguza): ndani iwemo kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) yenye rangi, isiwe maji ya bomba yenye kutu. Maji ya kutu yanamaanisha gari lilikuwa likivuja na mwenyewe alikuwa akijaza tu.

Geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini, ya oili, ya betri, ya ABS na ya mifuko ya hewa zote ziwake. Isiyowaka kabisa imetolewa balbu au imezibwa, na hakuna anayefanya hivyo kwa nia njema. Washa. Zote zizimike ndani ya sekunde chache.

Mtu asimame nyuma aangalie moshi. Wa bluu wakati wa kuwasha au unapokanyaga ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe mwepesi asubuhi ni mvuke na huisha. Mweupe mzito usioisha wakati injini imeshapata moto ni maji. Sikiliza pia sauti ya ekzosi: likinguruma kama pikipiki kubwa, huenda masega (kichujio cha moshi kilicho ndani ya ekzosi) yametolewa na kuuzwa.

Ujanja wa joto

Tunalikalia hili kwa sababu joto ndilo linaloua magari ya safari ndefu hapa kwetu, na ndilo linalofichwa kwa urahisi. Gari likianza kuchemsha, fundi wa haraka hufanya moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kutoa thermostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, ili maji yazunguke wakati wote. La pili ni kuunga feni moja kwa moja ili izunguke kila ufunguo unapogeuzwa. Yote mawili yanatuliza dalili na kuacha ugonjwa.

Kuyagundua ni rahisi. Injini baridi, kiyoyozi kimezimwa, washa gari: feni ya rejeta ikianza kuzunguka palepale, imeungwa. Kisha angalia joto. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto. Baada ya dakika tano hadi kumi za kuendesha, bluu iwe imezimika. Ikichukua muda mrefu kuzimika, au ikirudi kuwaka ukiwa barabara kuu unakwenda 80, thermostati haipo au imekwama wazi. Gari la hivyo linaendeshwa na injini baridi muda wote, kompyuta inaongeza petroli ikidhani ndiyo kwanza limewaka, na wewe unalipia kila siku. Kuweka thermostati mpya ni kazi ndogo. Kinachotisha ni ile sababu iliyofanya itolewe: rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, au silinda hedi iliyopinda.

Kwa hiyo jaribio la mwisho la joto lifanye kwenye foleni ya kweli. Kiyoyozi kiwake, gari lisimame likinguruma dakika 20 kwenye jua la saa saba. Mshale usipande kupita katikati, na feni uisikie ikizunguka.

Kilomita na ajali

Kurudisha nyuma kilomita za dashibodi ni kazi ya dakika chache, hivyo tazama vitu visivyorudishwa. Raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma, usukani unaong'aa kama umepakwa mafuta, kiti cha dereva kilichozama upande wa mlango, ukingo wa mkanda wa dereva ulioota manyoya: hayo hayaendi pamoja na kilomita 68,000. Kama gari liliingia nchini karibuni, omba karatasi ya mnada wa Japani na cheti cha kufutiwa usajili huko, uoanishe kilomita na tarehe. Na usidanganywe na herufi za namba. Gari lenye namba E si lazima liwe jipya kuliko la D. Herufi zinaonyesha lilisajiliwa lini hapa Tanzania, si lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi ya usajili.

Kwa ajali, simama kwenye kona ya mbele uitazame bodi kwa jicho moja kuelekea nyuma. Mawimbi na rangi isiyolingana huonekana jua la asubuhi kuliko la mchana. Vika sumaku kitambaa laini uipitishe kwenye milango na mapaja (madigadi); ikigoma kushika, chini kuna puti. Soma maandishi madogo kwenye kona za vioo: vikiwa vya kampuni moja isipokuwa kimoja, uliza hicho kilivunjikaje. Nati za boneti na mapaja zenye alama za spana zimefunguliwa. Inua zulia la buti na la miguuni. Tope kavu pembeni na kutu kwenye reli za viti ni gari lililoogelea mafuriko. Achana nalo hata likiwa nusu bei, nyaya zake zitakusumbua mwaka mzima.

Barabarani, kisha kwenye shimo

Endesha wewe, si muuzaji, na angalau nusu saa. Ukiwa umekanyaga breki, toa gia kutoka P kwenda D. Ikishika kwa sekunde moja laini, sawa. Ikichelewa kisha ikapiga teke, giaboksi imechoka. Ukikanyaga na mlio wa injini ukapanda bila mwendo kuongezeka, giaboksi inateleza. Hapo mazungumzo yameisha.

Fika 80 kwenye barabara iliyonyooka, kwa mfano zile njia nane za Kimara kwenda Kibaha. Usukani ukitetemeka kati ya 80 na 100, mara nyingi ni balansi ya magurudumu, bei ndogo. Ukitetemeka unapofunga breki tu, diski zimepinda. Gari likivutwa upande mmoja, shuku alaimenti, au chesisi iliyonyooshwa baada ya ajali. Kwenye uwanja, kata kona hadi mwisho na uende polepole: mlio wa tak-tak-tak ni CV jointi ya ekseli ya mbele. Pita kwenye matuta ukisikiliza. Kishindo kimoja kikavu ni shokapu au bushi. Mlio mwepesi unaofuatana ni stablaiza linki, kitu cha bei ndogo ambacho kinakupa nafasi nzuri ya kupunguziwa.

Baada ya hapo lipeleke gari kwa fundi wako, si wa muuzaji wala wa dalali, kwenye gereji yenye shimo au lifti. Aangalie uvujaji wa oili kati ya injini na giaboksi, raba za ekseli zilizopasuka, maunti za injini, tairodi, bol jointi na kutu. Aunganishe mashine ya kusoma makosa. Makosa yakiwa sifuri kabisa na vipimo vya ndani vikionyesha havijakamilika, kuna aliyefuta usiku uliopita; endesha siku moja au mbili kisha mpime tena.

Tairi zina tarehe. Tafuta herufi DOT ubavuni na tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zaidi ya miaka sita isikupeleke barabara kuu, hata kama meno yake bado marefu.

Karatasi kabla ya pesa

Kadi iwe halisi, na jina la kwenye kadi liwe la mtu aliye mbele yako akiwa na kitambulisho cha taifa (cha NIDA). Kama muuzaji anasema gari ni la kaka aliye safarini, kaka apigiwe simu na atoe uthibitisho wa kisheria, la sivyo subiri arudi. Linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na iliyochongwa kwenye gari, herufi kwa herufi, na namba ya injini pia. Kadi ikiwa "iko benki" au kwa mkopeshaji, hununui gari, unanunua deni.

Angalia madeni kwa namba ya gari: faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi, maegesho kwenye mfumo wa serikali wa malipo ya maegesho. Bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, maana ya bandia ipo. Anayenunua Kenya atafute rekodi ya gari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya huko, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen.

Andikeni mkataba mbele ya wakili, mkitaja kilomita zilizosomeka siku hiyo na hitilafu zilizokubaliwa. Lipa kwa benki. Kisha nenda TRA, mamlaka ya mapato, ubadilishe umiliki mapema, ukiwa na TIN yako (namba ya mlipakodi). Wapo wanaoendesha miaka mitatu kwa jina la mtu mwingine ili kukwepa ada. Siku ya ajali, au siku yule mtu akikana, gari linakosa mwenyewe.

Ile milioni moja na nusu

Wiki ya kwanza, usiamini sevisi ya muuzaji. Kwa 1NZ-FE utahitaji oili ya 5W-30, karibu lita 3.7 pamoja na filta, hivyo nunua galoni ya lita 4. Badili filta ya oili na ya hewa, plagi nne, kulanti yote na mafuta ya breki. Haidroliki ya giaboksi kwenye otomatiki ya gia nne: ukimwaga zinatoka lita 3 hivi tu, nyingine zinabaki ndani, basi rudia baada ya kilomita elfu kadhaa badala ya kusukuma zote kwa presha mara moja. Angalia feni belti kama ina nyufa, na betri ina umri gani. Kama thermostati haipo, hii ndiyo wiki ya kuirudisha, baada ya rejeta kusafishwa.

Kisha jaza tanki hadi pampu ijikate yenyewe, andika kilomita. Endesha wiki moja ya kazini, rudi kituo kilekile, jaza tena hadi ijikate, ugawanye kilomita kwa lita ulizoweka. Ukipata 12 kwenda juu kwa gari la cc 1,500, liko sawa. Ukipata 10 au chini, anza na upepo wa tairi kulingana na karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, kisha breki zinazoshika gurudumu likiwa huru, kisha plagi, kisha sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Fuata mpangilio huo: viwili vya mwanzo havihitaji kipuri chochote ili kuvikagua, na sensa ndiyo ghali.